Asiyeandika Grupuni Ndiye Anayefika Msibani

Kwenye taarifa za kila grupu la WhatsApp kuna mstari mdogo unaotaja nani aliliunda na lini. Ukikuta mstari huo unasoma 2015 au 2016 na grupu bado lina watu, jua umeingia nyumba yenye desturi zake. Jina limeshabadilishwa mara tatu nne. Picha ilishakuwa ya jengo la shule, ikawa ya keki, ikawa ya mshumaa, ikawa ya marehemu, kisha ikarudi ya jengo. Aliyeliunda pengine hayumo tena. Na idadi imekwama palepale kwenye sabini au themanini, ingawa WhatsApp yenyewe ilipandisha ukomo kutoka watu 256 hadi 512 na kisha 1,024, yote ndani ya mwaka 2022. Watu waliosoma pamoja hawajawahi kukosa nafasi grupuni. Wanachokosa ni vitu vingine.

Yanayofuata yanahusu magrupu ya namna hiyo: darasa la mwaka fulani, ukoo, mtaa, waliowahi kufanya kazi mahali pamoja. Grupu la kamati ya harusi ni jambo tofauti, maana lina siku yake ya kufa. Kadi hugawiwa, ahadi hupunguzwa, harusi hupita, watu hukutana mara ya mwisho kuvunja kamati kwa nyama na soda, na admini mwenye adabu huandika "asanteni, tunafunga" na kuwatoa watu mmoja mmoja. Asipofanya hivyo, miezi sita baadaye grupu limeshakuwa gulio la mashuka na mafuta ya nywele.

Grupu la kudumu halivunjwi, kwa hiyo linataka matunzo. Na admini mgeni huanza vibaya kwa kuhesabu wanaoongea. Katika watu themanini, wanaoandika kila siku ni kumi, wakizidi kumi na wawili, na ni walewale. Waliobaki husoma na kupita. Hufika siku mmoja wa wasemaji akachoka akaandika: "Wasiochangia mada watolewe." Wasitolewe. Nenda msibani uangalie nani yuko uani anamenya vitunguu, nani amekaa chini ya turubai tangu saa 12 asubuhi, nani ameleta gari lake kubebea viti. Utakuta wengi wao ni majina ambayo hujawahi kuyaona yakiandika hata "amina". Yule anayefungua grupu kila alfajiri kwa maua na salamu, mara nyingi siku hiyo ana safari.

Ukitaka kujua nani yupo kweli, shikilia ujumbe ulioutuma wewe mwenyewe, kisha fungua taarifa zake. Zitatokea orodha mbili: waliosoma, na waliofikiwa bila kusoma. Hata aliyezima tiki za bluu huonekana hapo, kwa sababu kuzima huko hakufanyi kazi kwenye magrupu. Aliyekaa wiki nzima kwenye orodha ya waliofikiwa amelinyamazisha grupu na kulisogeza pembeni. Huyo bado ni wenu. Asiyeonekana kwenye orodha yoyote simu yake imezimwa, imeibwa, au amebadili namba. Huyo ndiye wa kutafutwa, tena kwa kupigiwa, maana ukimwandikia grupuni hataona.

Habari ya namba inataka maelezo. Kwa Tanzania, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020. Laini ikizimwa, WhatsApp haizimiki nayo; inaendelea kufanya kazi kwenye simu ileile kwa bando la laini nyingine. Ndiyo sababu kila grupu la zamani lina watu wenye "namba ya WhatsApp" isiyopigika. Mambo huenda vizuri mpaka simu iibwe. Hapo mtu anataka kuingia upya kwenye akaunti yake, WhatsApp inatuma tarakimu sita kwenye laini ambayo haipo tena, na akaunti imekwenda. Anafungua nyingine kwa namba mpya, ile ya zamani inabaki grupuni kama kiti kitupu, na akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Jina linatoweka kwenye orodha, watu wanasema kajitoa, kaona sisi si hadhi yake. Kumbe kaibiwa simu kituo cha mabasi. Mwenye laini zote mbili mkononi aingie kwenye mipangilio ya akaunti na kutumia sehemu ya kubadili namba: magrupu yake yote yatahama naye na wenzake wataarifiwa. Dakika mbili tu, lakini ifanyike kabla laini ya zamani haijafa.

Kwa hiyo orodha ya wanachama ikae nje ya simu. Karatasi moja, safu tano: jina, namba inayopigika, namba ya WhatsApp, wilaya anayoishi, na mtu wake wa karibu anayeweza kupokea simu. Ihakikiwe kila Januari kwa kupiga simu; kuuliza grupuni "jamani namba zenu ni zilezile?" hakusaidii, kwa sababu aliyepotea hasomi. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, jioni hadi usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Aliyefiwa jioni ile alihitaji mwenzake mwenye karatasi.

Sasa msiba wenyewe, maana hapo ndipo grupu linapopimwa.

Habari ya kifo isibandikwe na aliyeisikia kwanza. Mwenye kubandika ni mmoja anayejulikana, katibu au admini, na hafanyi hivyo kabla ya kupiga simu mbili: moja kwa mfiwa au ndugu aliye naye, nyingine kwa mtu aliyeko pale nyumbani au hospitali. Sababu ni ya kibinadamu zaidi kuliko ya utaratibu. Wapo watoto wa marehemu waliosoma "pumzika kwa amani" kwenye simu wakiwa ndani ya daladala, kabla mama yao hajapata nguvu ya kuwapigia. Na wapo waliotangaziwa tanzia wakiwa wodini wanakunywa uji.

Tangazo likitoka, litoke mara moja likiwa kamili. Jina la mfiwa kama grupu linavyomjua, hata kama ni la utani, pamoja na jina lake rasmi. Uhusiano wake na marehemu. Msiba uko wapi, kwa maelezo ya mtu wa kushuka kwenye daladala: kituo gani, njia ipi, alama gani. "Msiba upo Mbagala" hakumfikishi mtu popote. Ratiba ya maziko, hata kama ni "itatangazwa baada ya kikao cha ukoo saa 2 usiku". Namba ya kutumia mchango na jina litakalotokea mtu akituma. Hilo la jina lisisahaulike kamwe, kwa sababu ndilo linalomfanya anayetuma ajiridhishe kabla ya kuweka namba ya siri.

Mwendo wa mchango hutegemea dini na safari. Mfiwa akiwa Mwislamu maziko yanaweza kuwa leo leo au kesho. Fedha ya grupu haitawahi sanda wala kaburi, basi msiwakimbize watu. Kinachohitajika saa hiyo ni miguu na magari, na mchango ukamilike taratibu uende kwa familia baada ya matanga au ufike kwenye hitima. Mfiwa akiwa Mkristo na mwili unasafirishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Bukoba, mnazo siku tatu hadi tano, lakini gharama kubwa ziko mwanzoni: jeneza, gari, mafuta. Hapo fedha inayofika siku ya nne haina kazi kubwa. Grupu lisilo na akiba litachelewa kila mara, hata wanachama wake wawe na moyo kiasi gani.

Halafu inakuja orodha. Kila aliyekaa kwenye magrupu haya anaijua: mmoja anaandika jina lake na kiasi, wa pili ananakili, anaongeza lake, anabandika, wa tatu vivyo hivyo. Inapendeza mpaka watu wawili wanakili orodha ileile kwa wakati mmoja. Mmoja ananakili yenye majina 14 na kubandika ya 15. Mwenzake, aliyeanza kunakili dakika moja kabla, anabandika ya 15 yenye jina lake na lile la kwanza halimo. Anayefuata ananakili ya chini. Jina la mtu aliyetoa limefutika, na mwenyewe hataliona mpaka kesho kutwa atakapoulizwa mbona hajachanga. Ugomvi mwingi wa fedha kwenye magrupu huanzia hapo, wala hakuna aliyeiba shilingi.

Dawa ni mkono mmoja. Mwanachama anatuma fedha na kubandika meseji ya muamala, basi, haigusi orodha. Mweka hazina ndiye anayeiandika, kwa saa zinazojulikana, kwa mfano saa 3 asubuhi na saa 2 usiku, na kila toleo lina namba yake. Hivi:

MCHANGO WA MSIBA, ORODHA NA. 4
Jumanne, saa 2:00 usiku
1. Mama Fulani ✅
2. Fulani wa 4B ✅
3. Fulani (Mwanza), ahadi, Ijumaa
4. Fulani (Muscat) ✅
…
Waliotoa: 31. Fedha mkononi: 620,000
Ahadi: 9

Angalia mambo mawili hapo. Ahadi hazijajumlishwa kwenye fedha. Mweka hazina anayechanganya ahadi na taslimu kwenye jumla moja ataambia familia 800,000 na kupeleka 620,000, na tofauti hiyo itamfuata mpaka mazishi yake mwenyewe. Pili, hakuna kiasi mbele ya majina. Wengine wanapenda kiandikwe, wanasema kinahamasisha. Kinahamasisha wenye nacho. Mwenye 5,000 akiona juu yake mfululizo wa 50,000 na 100,000 anaacha kabisa, na msiba ujao hafungui ujumbe. Wekeni kiwango kimoja, mfano 20,000, atakayetimiza apate tiki, na mwenye kutaka kuongeza ampe mfiwa mkononi. Orodha ipangwe kwa utaratibu wa kufika. Anayeipanga kwa ukubwa wa fedha anatafuta maneno.

Hesabu nayo isidanganye. Watu 80 kwa 20,000 ni 1,600,000, na kuna katibu huwa anaitaja familia takwimu hiyo siku ya kwanza. Ahidi nusu. Ikizidi, furaha.

Makato ya mitandao ya simu yanakula zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu fedha hulipiwa kila inapohama. Mwanachama anatuma kwa mweka hazina, anakatwa. Mweka hazina anatuma kwa mfiwa, anakatwa. Mfiwa anakwenda kwa wakala kuitoa, anakatwa. Ndiyo maana ya ile kauli "tuma na ya kutolea": kila mmoja aongeze gharama ya kutoa juu ya 20,000 yake. Tatizo ni kwamba watu hawaongezi sawa, na mwishowe mweka hazina ana 634,350 asiyojua aigawe vipi. Ni nafuu kiwango kiwe 21,000 na kiitwe hivyo, grupu libebe makato kwa pamoja, na chenji inayobaki iandikwe waziwazi kuwa ni akiba. Walio nje ya nchi watume meseji yao ikiwa na jina, kwa sababu fedha inayopitia kampuni za kutuma kutoka Uingereza au Marekani mara nyingi huingia kwa jina la kampuni, na mweka hazina anabaki na 50,000 isiyo na mwenyewe.

Na laini ya mweka hazina ni ya mweka hazina. Imesajiliwa kwa kidole chake na kitambulisho chake cha taifa (NIDA). Akifa ghafla, fedha ya grupu iliyo humo itahesabiwa kuwa mali yake, na mtaitafuta kwa msimamizi wa mirathi mkiwa na skrinshoti. Ikifika mahali grupu linaweka akiba ya kudumu, ihamie kwenye akaunti ya kikundi. Benki kwa kawaida zitataka katiba, muhtasari wa kikao kilichochagua viongozi, majina na picha za watia saini, na barua ya utambulisho. Wekeni watia saini watatu, wawili watoshe kutoa. Watatu wote wakihitajika kila mara, siku ya msiba mmoja atakuwa Mbeya. Hata kabla ya benki, anzeni na daftari. Daftari la mistari, kalamu, tarehe, jina, kiasi, namba ya muamala. Nakala ya mazungumzo iliyohifadhiwa kwenye Google siku hizi huhesabiwa ndani ya nafasi ile ya GB 15 ya bure, pamoja na picha na barua pepe. Ikijaa, nakala mpya hazihifadhiwi, na simu ikianguka chooni historia yote ya michango tangu ilipojaa imekwenda nayo.

Wezi wanajua yote haya. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" kila Mtanzania ameshaipata, na peke yake haimdanganyi mtu. Inamdanganya inapofika siku ileile mchango unapokusanywa, tena ikitoka kwenye namba ya mwenzenu. Mchezo wenyewe huanza kwa mtu kupigiwa au kuandikiwa: kuna tarakimu sita zimekuja kwenye simu yako kwa bahati mbaya, naomba nitumie. Zile tarakimu ndizo funguo za akaunti yake. Akizitoa, dakika hiyohiyo anatupwa nje, na mwizi anaingia grupuni kwa jina lake na picha yake, anasoma orodha, anaandika kwa lugha ya mle mle: "Jamani ile namba ina shida, tumieni hii." Wengine huenda mbali wakaomba mkopo wa siku mbili kwa mwanachama mmoja mmoja faraghani.

Aliyeporwa asihangaike kuomba msaada kwanza. Afungue WhatsApp upya kwa namba yake, apokee tarakimu mpya kwenye laini yake, aziweke. Hapo mwizi anatoka. Kama mwizi aliweka PIN ya hatua ya pili, yaani namba ya siri ambayo WhatsApp huiuliza juu ya zile tarakimu sita, mwenye namba atasubiri siku saba ndipo aingie bila hiyo PIN, lakini mwizi naye ameshatolewa tangu zile tarakimu zilipowekwa. Wakati huo admini amtoe grupuni yule "yeye" bila kuona haya, kisha atangaze. Kinga ya yote hii ni kila mtu kuweka PIN yake ya hatua ya pili leo, na grupu kuwa na sheria moja isiyovunjwa: namba ya mchango haibadilishwi kwa maandishi. Ikibadilika kweli, viongozi wawili wanaitangaza kwa sauti zao, na anayetilia shaka anapiga.

Soga nazo zina uangalizi wake. Siasa wakati wa uchaguzi, dini, Simba na Yanga, kwa utaratibu huo wa ukali; mpira hupoa kufikia Jumatatu jioni, siasa huacha makovu. Maandishi hayana uso. "Sawa" ya mtu aliyekubali na "Sawa" ya mtu aliyenuna zinaandikwa kwa herufi nne zilezile. Watu wawili wakijibizana mara ya tatu, admini awapigie simu, kila mmoja peke yake, na asiandike chochote grupuni. Moto ukishapanda, kuna sehemu kwenye mipangilio inayowezesha maadmini pekee kutuma ujumbe. Ilikuwapo tangu 2018 na wengi hawaijui. Lifungwe usiku ule, lifunguliwe kesho saa 4 asubuhi kwa jambo jingine kabisa, la kupongeza mtu ikiwezekana. Tangu Agosti 2022 admini anaweza pia kuufuta ujumbe wa mwanachama kwa watu wote, na mwandishi mwenyewe ana siku mbili na saa 12 za kuufuta wake. Inasaidia, lakini kumbuka skrinshoti haina muda. Kumtoa mtu ni hatua ya mwisho, na kusifanywe usiku.

Anayejitoa mwenyewe, siku hizi hutoka kimya: wanaoarifiwa ni maadmini tu, japo mwenye kuchunguza atamkuta kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60. Zamani ule mstari wa "ametoka" ulionekana na wote na ulikuwa nusu ya kishindo chenyewe. Kimya hiki kimewapa maadmini amana. Admini anayekimbilia kuandika "naona mheshimiwa katuaga" amefunga mlango ambao simu moja ya dakika tano ingeuacha wazi. Mara nyingi ukimpigia atakwambia simu ilikuwa inajaa, au mwenzi wake kachoka kuisikia saa 5 usiku.

Na kweli inajaa. Picha za asubuhi njema, video za mahubiri, vichekesho vilivyozunguka tangu mwaka juzi. Wenye simu za GB 32 ndio wanaoumia. Upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video uzimwe kwenye mipangilio ya hifadhi na data. Bando litashangaa lenyewe. Mara moja kwa mwezi fungua sehemu ya kusimamia hifadhi, itakuonyesha kila grupu limekula kiasi gani na mafaili makubwa yako wapi. Yale yenye mishale miwili, yaliyosambazwa mara nyingi, futa bila kuangalia. WhatsApp iliyabana mwaka 2020 yasitumwe ila kwenye mazungumzo moja kwa mara moja, na bado yanafika. Mtu akileta dawa ya kienyeji ya mafua yenye alama hiyo, usimbishie hadharani. Mwulize faraghani kama ameshaijaribu mwenyewe.

Kunyamazisha grupu si dharau. Liwekee ukimya wa daima, uingie mara mbili kwa siku, na ukitajwa kwa alama ya @ simu yako itakuarifu hata ukiwa umelinyamazisha. Hapo viongozi nao watumie alama hiyo kwa msiba, kikao na fedha tu. Wakianza kumtaja kila mtu kwa kila kichekesho, siku ya msiba hakuna atakayegeuza shingo. Ujumbe wa sauti nao usipite dakika moja. Wa dakika nne hausikilizwi kwenye basi wala ofisini, na uamuzi uliotolewa kwa sauti haujatolewa mpaka uandikwe. Miaka miwili baadaye hakuna atakayesikiliza sauti 300 kutafuta nani alikubali nini.

Patakuwa na kagrupu ka pembeni. Pengine tuwili tutatu. Wanawake wana lao, walioko Dodoma wana lao, na kuna la wale kumi wanaoandika kila siku, ambako mambo huamuliwa kabla ya kuletwa "kwa majadiliano". Haliepukiki, na mengine hayana ubaya. Fedha tu isikusanywe huko, na msiba usitangazwe huko kwanza.

Lililo gumu kuliko yote ni namba ya mwenzenu aliyekufa. Siku ya kwanza picha ya grupu inakuwa uso wake, na rambirambi zinapita juu ya namba yake mwenyewe, nayo imo humo inazipokea, tiki mbili mbili. Usimtoe wiki ile. Ule mstari wa "admini amemtoa fulani" mjane wake anaweza kuuona, kwa sababu mara nyingi simu iko mikononi mwake au kwa mtoto mkubwa, na wanaingia humo kusoma watu walivyomwandika baba. Ngojeni arobaini ipite, mtu wa karibu amwulize mjane anapenda iweje. Wengine wataomba ibaki mpaka mwaka uishe. Wengine mtoto ataingia siku moja kwa namba hiyo kuandika asante, na nusu ya grupu itaruka kwenye viti vyao kuona jina lile likiandika. Basi mtoto aongezwe kwa namba yake, ya baba itolewe kwa ridhaa, na kwenye daftari mstari wake usifutwe, maana michango aliyotoa miaka yote ndiyo hoja ya kile ambacho familia inastahili kupata. Kisha kuna ile orodha ya siku za kuzaliwa, iliyobandikwa grupuni na mtu mwenye moyo mzuri mwaka 2019. Jina la marehemu liondolewe humo mapema, kabla tarehe haijazunguka na mmoja wa wale wasiosoma ya juu akaamka saa 12 asubuhi, akaona jina, akaandika: "Heri ya kuzaliwa kaka, Mungu akuongezee miaka mingi."